Chaja Iliyopona Kila Ilipofika Songea

Vijana wangu wa karakana,

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, sufuria kubwa, na hotuba iliyonisifu mpaka nikageuka kutazama kama kuna mtu mwingine amesimama nyuma yangu. Soda zilipokwisha mkaniomba niandike niliyojifunza kazini, "hata kurasa chache tu, Mama Skola." Nimekubali kwa sababu tangu nianze kukaa nyumbani nimeshatengeneza kila kitu kinachotumia umeme, pamoja na vitu ambavyo havikuwa vibovu. Mume wangu ameanza kuificha redio yake.

Habari za nani alipanda cheo na nani alilipwa nini hamtazikuta humu. Kwanza hazichekeshi. Pili, hazitawasaidia siku mteja atakapowasimamia kichwani na kifaa kinachokataa kuumwa mbele yenu. Nataka hasa kuwaeleza habari ya chaja moja ya baiskeli ya umeme, kwa sababu ilinisumbua kuliko kitu chochote nilichowahi kukigusa, na kwa sababu chaja za namna hiyo sasa zinaingia kwenu kila siku. Lakini niruhusuni nianzie mbali kidogo.

Nilifika kwa Mzee Komba nikiwa binti mbichi kutoka chuo cha ufundi, cheti nimekiweka ndani ya Biblia ili kisikunjike. Mzee Komba alikuwa fundi redio nyuma ya soko hapa Songea, na karakana mnayokalia leo ilianza na meza yake moja. Hakukitazama cheti. Aliitazama mikono yangu.

"Unatetemeka," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Vizuri. Asiyetetemeka mbele ya umeme siku ya kwanza, siku ya pili tunamzika."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Mzee Komba alikuwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, na mchana kutwa aliuliza miwani yake iko wapi. Chai yake ilikuwa na sukari nyingi kiasi kwamba nyuki walimfahamu. Kazi aliyonipa kwanza haikuwa ya umeme kabisa: ilikuwa kutoa mende kwenye redio. Redio za wakati ule zilikuwa na kijoto fulani kizuri ndani, na mende wa Songea, anayeijua baridi ya mwezi wa sita, si mjinga. Nilitoa mende kwa brashi ya rangi mpaka nikaota mende. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa ananifundisha kuona kilichomo ndani ya kifaa kabla sijaanza kubuni ubovu wa kitabuni.

Chombo chake alichokipenda ni ile balbu mnayoitumia mpaka leo, iliyofungwa kwenye ubao kati ya soketi na kifaa kibovu. Wageni wakiiona hudhani ni taa ya mapambo. Kazi yake ni kwamba kifaa kikiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu na kila mtu anabaki salama. Bila balbu, umeme wa safu nzima ya maduka unakatika, na jirani yetu wa bucha anakuja kuuliza kulikoni akiwa bado ameshika kisu. Tafadhali msiitupe balbu ile kwa sababu tu mmenunua mita mpya.

Kitu kingine alichonifundisha ni swali. Kila mteja alimuuliza: "Nyumbani inakaa wapi?" Wateja walidhani anatafuta umbea, na kwa kweli umbea alikuwa anaupenda. Siku moja akaja mzee kutoka Nalasi, kanzu safi, salamu ndefu ya kuombeana amani, na redio iliyokuwa ikikoroma tu. Tuliisafisha, ikaimba. Baada ya muda akarudi nayo inakoroma. Mzee Komba akauliza swali lake. Kumbe redio ilikuwa ikining'inizwa darini juu ya meko, pamoja na mahindi ya mbegu, kwa hoja kwamba mahali panapolinda mbegu dhidi ya wadudu patailinda na redio dhidi ya wezi. Wezi kweli hawakuipata. Masizi ndiyo yaliyoipata.

Miaka ikaenda. Redio zikapisha kaseti, kaseti zikapisha televisheni, televisheni zikapisha simu, na simu zikatuletea sola. Kila kilipokuja kitu kipya watu walisema sasa mafundi wa zamani basi, na kila mara kitu kipya kilikuwa na waya uliokatika palepale pa zamani. Mzee Komba alitutoka akiwa na miwani zote mbili, na mimi nikaikalia meza yake. Nilimlilia kama baba.

Halafu zikaja baiskeli za umeme. Nakumbuka mara ya kwanza kumwona mtu anapanda kilima chetu ameketi wima, hatoi jasho, miguu imetulia kama yuko kanisani. Nikasema hapa kuna kazi inakuja. Na ilikuja, ila si ya baiskeli yenyewe. Kinachokufa kwanza ni chaja.

Kwa hiyo hapa nisikilizeni vizuri. Chaja ikiletwa, usiifungue. Anzia nje. Kagua plagi, kisha pinda waya taratibu pale unapoingilia kwenye plagi na kwenye chaja, maana ndipo unapokatikia. Watu wetu hubeba chaja kwa kuining'iniza kwa waya, kama wanavyobeba kuku kwa miguu. Inuse: kilichoungua ndani hakifichi harufu. Itikise karibu na sikio, ikilia kama njuga ujue kuna kitu kimeng'oka. Pima umeme unaotoka kabla hujashika bisibisi. Ndipo ufungue, na ukifungua kumbuka kwamba kapasita kubwa inabaki na umeme hata kama plagi imechomolewa. Imalize nguvu kwa balbu kama nilivyowaonyesha, usiiguse na bisibisi kwa ushujaa. Ile bisibisi yenye pengo iliyotundikwa ukutani ilikuwa ya shujaa mmoja ambaye siku hizi anauza mitumba.

Ukiwa ndani, tazama fyuzi, tazama kapasita kama imevimba kichwa, tazama feni kama inazunguka au imekula vumbi. Chaja nyingi hupona hapo na mteja anaondoka anakusifu. Nilidhani nimeshazijua zote mpaka alipokuja Nesi Restituta.

Alishuka kwenye basi la Madaba akiwa na chaja ndani ya kikapu, na betri ameipakata kama mtoto. Alikuwa mkunga kwenye zahanati ya kijiji kimoja huko, Mmatengo wa Mbinga aliyeolewa na Mbena. Mradi fulani wa kusaidia wakunga ulikuwa umempa baiskeli ya umeme awafikie wajawazito wa vitongoji vya mbali, kule ambako dereva wa gari la wagonjwa akipigiwa simu huuliza kwanza hali ya barabara, ndipo aulize hali ya mgonjwa.

"Shikamoo, mama," akasema. "Jioni naichomeka, taa nyekundu. Baada ya muda inakuwa ya kijani. Asubuhi naondoka nikijua imejaa, nikifika mlima wa pili inakata. Nasukuma mpaka nyumbani."

Nikafanya yote niliyowaandikia hapo juu. Waya mzima, harufu hakuna, feni inazunguka, kapasita zimekaa vizuri kama wanakwaya. Nikaiunga na betri yake juu ya meza, na jioni betri ilikuwa imeshiba kabisa. Nikampa, akashukuru, akaondoka. Baada ya siku chache akarudi. Hali ni ileile, maelezo ni yaleyale, na mezani kwangu chaja ikafanya kazi bila kukohoa. Nikabadilisha feni kwa ajili tu ya kutuliza dhamiri. Akaondoka. Akarudi tena.

Safari hiyo hakukaa kwenye benchi la wateja. Alisimama.

"Mama Skola, watu wa mradi wamepita kwangu mara mbili, zote wameikuta baiskeli imeegemea ukuta. Wiki ijayo wanakuja. Wamesema wakiikuta imelala tena, wanaihamishia kata nyingine."

"Na wewe utafanyaje?"

"Nitatembea. Nilikuwa natembea zamani. Lakini kuna mama mmoja ng'ambo ya mto, ana mapacha tumboni na presha inapanda. Natakiwa kumpima mara kwa mara. Kwa miguu nikienda kwake, siku nzima zahanati inabaki bila mtu." Akaangalia sakafu. "Hakuna njia ya kuifanya hii chaja ivumilie joto?"

"Joto? Madaba?"

"Nauliza tu."

Madaba ni kule juu, njia ya Njombe, ambako mchana mtu anavaa koti na hakuna anayemshangaa. Nikamtazama yule binti. Hakuwa na uso wa mtu anayeuliza tu. Kifaa kinachopona kila kikifika kwako kina kitu kinachokiumiza huko kinakotoka, na Mzee Komba angekuwa ameshakata tiketi zamani. Nikachukua mita, brashi na sweta yangu nzito, nikamwambia kesho asubuhi tunaondoka wote.

Nyumba yao ilikuwa ya matofali ya kuchoma, safi, ua umefagiwa, mbuzi mmoja amefungwa kwenye nguzo ya baraza. Barazani, juu ya kigoda, alikuwa ameketi mama mtu mzima na sindano mbili ndefu za kufumia, vidole vinakwenda vyenyewe. Huyo ndiye Mama Mgaya, mama mkwe wa Restituta, au Resti kama nilivyokwisha kuzoea kumwita. Mwanawe alikuwa dereva wa malori ya makaa ya mawe, mtu wa kuja kwa nadra na kuondoka alfajiri, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya wanawake wawili. Resti alikuwa amenieleza kwenye basi, kwa sauti ya chini, kwamba mama yule alimtakia mwanawe binti wa Njombe, na kwamba tangu harusi hajawahi kumsemesha ana kwa ana.

Nilidhani anatia chumvi. Tukafika, mama akaacha kufuma, akamgeukia mbuzi.

"Mwambie nesi amtolee mgeni kiti," akamwambia mbuzi.

Resti alikuwa hatua mbili kutoka pale. Akasema, "Ndiyo, mama," akaenda kutoa kiti. Mbuzi aliendelea kutafuna.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Kamwene."

"Kamwene," nikairudisha ile salamu yao ya Kibena.

"Wa wapi wewe?"

"Songea, mama. Mngoni."

Uso wake ulibadilika palepale, ukachangamka. Nyinyi mnajua, sisi na Wabena ni watani tangu babu zetu walipochoka kupigana, na mtani hafiki kwa mtani wake akapokewa kwa heshima kama askofu.

"Mngoni! Ndiyo maana kuku wangu wameanza kujificha tangu basi lipige honi."

"Wasihofu, mama. Njiani nimekula panya, kitoweo chetu Wangoni, nimeshiba."

Akacheka mpaka akaweka sindano chini. Nikajua angalau nitapewa chai.

Nikaanza na soketi. Nyumba ya tatu kutoka pale ilikuwa na mashine ya kusaga, na mashine za kusaga huufyonza umeme wa jirani zao mpaka balbu zinakuwa kama mshumaa. Nikasubiri mashine iwashwe, nikapima. Umeme ulikuwa mzuri kuliko wa kwangu Songea. Nikapima waya wa ukutani, mzima. Basi nikaweka mita chini, nikakaa.

"Sasa ichomekeni kama mnavyoichomeka siku zote," nikasema. "Fanyeni kama mimi sipo."

Resti akaiweka chaja juu ya stuli sebuleni, akaiunga na betri, akachomeka. Taa nyekundu. Feni ikaanza kuvuma. Akabaki amesimama, anafuta mikono kwenye sketi, mikono isiyo na maji.

"Nesi anamwonea mgeni haya," Mama Mgaya akasema, safari hii akimwambia mlango. "Ngoja nimalizie mwenyewe."

Akaingia chumbani, akatoka na sweta.

Nawaambia kitu nilichokiona kwa macho yangu. Ilikuwa sweta ya chaja. Uzi mzito wa kahawia wenye mistari ya rangi ya chungwa, umefumwa kwa kubana, shingo imekunjwa vizuri, vifungo vitatu ubavuni, na matundu mawili madogo ya kupitishia waya, moja huku na jingine kule. Akaivisha chaja ile kwa uangalifu, akafunga vifungo vyote, akaipapasa mgongoni. Sijapata kuona chaja iliyopendeza vile.

"Ikinguruma inapata joto," akanieleza, "kama mtoto mwenye homa. Mtoto mwenye homa si unamfunika? Na baridi ya nyumba hii unaiona mwenyewe."

Nikaweka mkono juu ya sweta. Chini yake feni ilikuwa inahema ndani ya sufu. Joto likapanda, likapanda tena, na chai yangu ilipofika nusu ya kikombe, taa ikageuka kijani. Nikapima: hakuna kilichokuwa kinakwenda kwenye betri. Betri ilikuwa bado na njaa. Hapo nikakielewa kisa chote, nanyi kieleweni. Chaja za aina ile zikizidiwa na joto hujikatia zenyewe zisiungue, na ile taa haijui kutofautisha betri iliyoshiba na chaja iliyochoka. Kwa yote mawili inawaka kijani. Mezani kwangu Songea chaja ilikuwa inafika bila nguo.

Nikamwomba Resti anionyeshe jiko lilipo, na tulipofika jikoni nikafunga mlango.

"Ulijua?"

"Nilihisi." Machozi yalikuwa yamemlengalenga. "Mama Skola, tangu niolewe hajawahi kunipa kitu. Siku moja betri iliniishia mbali, nikarudi nasukuma kwenye mvua, yeye yuko barazani ananitazama. Tangu hapo akawa anafuma tu. Halafu jioni moja nikakuta chaja imevaa. Usiku huwa naivua, lakini nikilala tu, yeye anaamka, anaivisha tena. Sasa nikimwambia inaharibu, nitakuwa nimemwambia nini yule mama?"

"Kwa hiyo baiskeli iondoke?"

Alikuwa ameshachagua sweta, masikini, na ndiyo sababu alikuja kwangu mara zote zile akitumaini nitamtengenezea chaja isiyosikia joto. Roho iliniuma kwa ajili yake, na iliniuma kwa yule mama wa ng'ambo ya mto pia.

Na mimi nifanyeje? Fundi mgeni hawezi kusimama katikati ya sebule ya mtu mzima, na mita mkononi, akamweleza kwamba zawadi yake ndiyo ugonjwa, tena mbele ya mkwewe. Hata kama ni kweli. Hasa kama ni kweli. Lakini kuna mtu mmoja anayeruhusiwa kusema lolote katika nyumba ya Mbena na asichukiwe, na kwa bahati mtu huyo alikuwa ni mimi.

Nikarudi sebuleni kwa kishindo. Nikafungua vile vifungo vitatu, nikaivua ile sweta, nikaivaa kichwani kama kofia ya chifu.

"Nimeteka!" nikapiga kelele. "Mngoni haachi vazi la kifalme likavaliwa na chaja ya Wabena!"

"Mwizi!" Mama Mgaya akaruka kutoka kwenye kigoda kama msichana. "Mla panya wewe! Rudisha nguo yangu!"

"Sirudishi mpaka nikombolewe kwa ulanzi! Na hiyo chaja ikae uchi hivyohivyo. Nyie Wabena, jua likichomoza mnalifungia sweta! Chaja haikuwa na homa, mama, ilikuwa na sweta! Mmeifunga pumzi mpaka inazimia!"

Majirani walikuwa wameshafika mlangoni kuangalia vita, na wote walicheka. Mama Mgaya naye alikuwa anacheka, ananipiga mgongoni kwa kanga, anawaita mashahidi waone Wangoni wasivyobadilika. Nikajua limepita. Jambo gumu lilikuwa limesemwa kwa sauti kubwa, na hakuna aliyeumia.

Halafu akaacha kucheka.

"Ngoja," akasema. "Umesema inazimia?"

"Inazimia, mama. Inatafuta hewa haipati."

"Ikizimia, betri haijai?"

"Haijai."

"Na ile baiskeli inamkatikia njiani kwa sababu hiyo?"

"Ndiyo, mama," nikasema.

Akakaa. Macho yake yakashuka kwenye viatu vya Resti, vilivyokuwa karibu na mlango, na tope la njiani limekaukia mpaka juu. Majirani, watu wenye adabu, wakaanza kukumbuka shughuli zao mmoja mmoja. Mimi bado nilikuwa na sweta kichwani, na sikumbuki siku nyingine niliyojiona mjinga kiasi kile. Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa kwamba mama yule ana akili, na kwamba angelifuata lile jambo mpaka mwisho wake.

"Kumbe nimekuwa nikimsukumisha," akasema polepole. Hakumwambia mbuzi wala mlango. Alijiambia mwenyewe.

Resti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa mkononi, haendi mbele wala nyuma.

Nikafanya kazi, maana ndiyo inayonisaidia nisipojua la kusema. Nikaisogeza stuli mbali na ukuta, nikaweka vipande viwili vya mbao, nikailaza chaja juu yake ili ipate hewa juu na chini. Fanyeni hivyo kwa wateja wenu wote: mbao mbili tu, na mahali pakavu pasipo na godoro wala nguo jirani. Ilipopoa nikaichomeka. Taa nyekundu ikawaka, feni ikavuma, na safari hii nyekundu ikakaa. Mama Mgaya alivuta kigoda mpaka karibu yake, akaiangalia mchana wote kama mtu aliyekaa na mgonjwa wodini. Ulanzi, ile pombe yao ya mianzi, ukaletwa na jirani, na kwa mujibu wa sheria nikakombolewa: nikanywa bilauri mbili, nikamrudishia sweta yake. Taa ilipogeuka kijani nikapima. Betri ilikuwa imeshiba kweli.

Wiki iliyofuata Resti alinipigia simu. Watu wa mradi walikuwa wamekuja wakaenda moja kwa moja ukutani, hawakuikuta baiskeli. Wakamuuliza Mama Mgaya iko wapi, akawaambia iko kazini, wasubiri kama watu wengine. Baada ya muda wakamwona Resti anateremka kilima anatoka ng'ambo ya mto, kwa yule mama wa mapacha. Waliondoka bila baiskeli.

Lakini hayo niliyasikia tu. Niliyoyaona mwenyewe ni ya jioni ileile, nikiwa na begi langu barazani nasubiri basi la kurudi Songea. Mama Mgaya alikuwa amekaa na ile sweta mapajani. Akatafuta ncha ya uzi kwenye shingo, akaivuta, akaanza kuifumua. Mstari kwa mstari, kahawia na chungwa, anaviringisha donge. Nikaogopa kwamba tumemvunja moyo. Resti alikuja na kikombe changu cha mwisho cha chai, akaona kinachofanyika, akasimama.

"Restituta," Mama Mgaya akasema.

Resti aligeuka ghafla, chai ikanimwagikia gotini. Mbuzi alikuwa palepale, mimi nilikuwa palepale, na mama yule hakututazama hata mmoja wetu. Alimtazama mkwewe.

"Mama."

"Siku nyingine ukiwa na neno na mimi, sema mwenyewe. Usiniletee Mngoni kwa basi."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Lete mkono nipime vidole. Asubuhi huko njiani unakwenda na baridi, na chaja imekataa kuvaa."

Resti akaweka kikombe chini, akanyoosha mkono. Yule mama akaushika, akauvuta mpaka mapajani mwake, akaanza kuuzungushia uzi kidole kimoja kimoja.